"Mkenya kwanza, dini baadaye": mzee amekataa kuweka sahihi, na maneno ni yangu

Karani wa Msambweni

Salamu kwenu nyote. Naomba msome mpaka mwisho kabla ya kujibu. Jambo lenyewe ni la sentensi moja, lakini limenikosesha usingizi wiki nzima.

Mimi ni karani wa kikundi cha dini mbalimbali huku Kwale. Tuko watu 23: maimamu wawili, ustadhi wa madrasa, wachungaji watatu, akina mama wa kanisani na wa msikitini, vijana wa bodaboda, wavuvi, na mzee mmoja wa kaya, yaani mlinzi wa msitu mtakatifu wa Wamijikenda, anayefuata dini ya jadi. Hukutana Alhamisi ya mwisho wa mwezi. Tunafungua kwa Fatiha, kisha Sala ya Bwana, kisha chai ya tangawizi na mahamri. (Mzee wa kaya hatujawahi kumwomba afungue. Nimeligundua hilo sasa hivi ninapoandika, na limenichoma.)

Mwezi uliopita tulipata pesa za kuchapisha fulana 40. Alikuja mwezeshaji kutoka Nairobi, mtu mwema, akatufanyisha mazoezi ya kujitambulisha, kisha nikaombwa nitunge maneno ya mgongoni. Nikaandika kwenye manila kwa herufi kubwa: MKENYA KWANZA, DINI BAADAYE. Watu wakapiga makofi. Mwezeshaji akasema kila mmoja aje aweke sahihi chini yake.

Wa nne katika foleni alikuwa mvuvi, Mpemba wa huku kwetu. Alishika kalamu, akatazama yale maneno kwa muda, akaifunika kalamu na kuirudisha mezani. Hakupandisha sauti. Akaniambia: "Mwanangu, dini yangu niliipata siku niliyozaliwa, nilipoadhiniwa sikioni. Ukenya nimepewa juzi, nina mvi kichwa kizima. Sasa huo wa juzi utanguliaje?"

Wasioijua habari ya Wapemba wa Kenya, ni hivi. Wako Kwale na Kilifi, wengine walifika kabla ya uhuru, wengine baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964. Wamezaa, wamezika, wamejenga misikiti. Lakini serikali ilikuja kuwatambua kuwa raia mwaka 2023. Mpaka hapo, mtu anajua kila mwamba wa bahari hii kwa jina lakini hana kitambulisho. Hana kitambulisho, basi hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, hawezi kufungua akaunti benki, na akikutana na polisi njiani anaongea akiwa ameshika mfuko.

Mimi ni Mduruma wa Kinango, Mkristo. Nilipotimiza miaka 18 nilikwenda na cheti cha kuzaliwa na nakala ya kitambulisho cha mama, nikapigwa picha, nikarudi nyumbani. Hakuna aliyeniuliza babu yangu alizaliwa wapi. Kwa hiyo neno "Mkenya" sikulilipia chochote, na kusema "dini baadaye" hakukunigharimu chochote pia, kwa sababu katika nchi hii dini yangu ndiyo ya wengi na haiulizwi swali. Niliandika maneno yaliyo mepesi mdomoni mwangu, nikawapangia foleni watu ambao kwao ni mazito.

Sasa manila iko kwangu imekunjwa, ina sahihi tatu. Mwezeshaji anasema mzee alielewa vibaya. Mimi naona alielewa kuliko sisi sote. Swali langu kwenu mnaofanya kazi hii: kikundi cha dini mbalimbali kianze na utaifa? Na kama si utaifa, Mwislamu, Mkristo na mtu wa kaya tuanzie wapi ili tukae pamoja bila yeyote kuambiwa aache kitu mlangoni?

---

Fundi wa Likoni

Dada karani, mimi niko upande mwingine kidogo, na naomba unisikilize.

Wazazi wangu walitoka Kakamega, mimi nimezaliwa Likoni. Agosti 1997 nilikuwa na miaka tisa. Usiku wa tarehe 13 kituo cha polisi kilivamiwa, kisha wakaanza kutafutwa watu wa bara nyumba kwa nyumba. Tulikimbilia kanisa Katoliki la Likoni pamoja na maelfu ya wengine, tukalala chini siku nyingi. Karatasi zilizosambazwa zilituambia turudi kwetu. Kwetu wapi? Kakamega nilikuwa nimefika mara moja tu, kwenye matanga.

Jirani yetu, mama wa Kidigo, aliichukua cherehani ya mama akaiingiza chumbani kwake na kuitandikia kanga juu, ili wakija kuiba waone ni meza. Tuliporudi tuliikuta. Ninaishonea mpaka leo.

Neno lililonirudisha Likoni ni "Mkenya". Sikuwa na jingine. Dini haikunisaidia siku ile, maana hawakutuuliza dini, walituuliza kabila. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema utaifa usiwe wa kwanza, mwili wangu unasisimka. Utaifa ukitoka, kinachobaki ni "huku ni kwa nani", na hapo mimi sina jibu zaidi ya cherehani.

Nakubali jambo moja. "Dini baadaye" hata mimi nisingetia sahihi kwa moyo. Jumapili sivai imani yangu kama koti. Lakini usilitupe neno la kwanza kwa sababu ya la pili.

---

Mwalimu wa Mandera

Assalaam aleikum. Fundi, nimekusoma mara mbili. Kilichokupata kilikuwa dhuluma, na huyo mama Allah amlipe.

Mimi ni mwalimu, Msomali, nimezaliwa na nimesoma Mandera. Nataka kuongeza kitu kuhusu neno "kwanza".

Novemba 2014 basi lililotoka huku kwetu kwenda Nairobi lilitekwa na al-Shabaab, abiria 28 wasio Waislamu wakatolewa wakauawa. Wamo walimu. Baada ya pale, na baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa mwaka uliofuata, walimu wa bara walihama kwa wingi na hawakulaumika. Niliwahi kufundisha madarasa matatu kwa saa moja, nikizunguka kama mchunga mbuzi.

Desemba 21, 2015 basi jingine likatekwa karibu na El Wak. Wakaamriwa wagawanyike, Waislamu huku, Wakristo kule. Safari hii abiria Waislamu walikataa. Akina mama walitoa mitandio yao wakawafunika wanawake Wakristo. Waliwaambia wale watu wawaue wote pamoja au wawaache wote. Salah Farah, naibu mwalimu mkuu, alipigwa risasi pale na akafariki Januari 2016.

Nimekaa sana na hadithi ile, kwa sababu ni ya watu wa kazi yangu. Sidhani walitafuta nguvu ile kwenye kitambulisho. Waliitafuta kwenye dini: kwamba msafiri mwenzako ni amana, na damu yake ni haramu. Wangekuwa wameweka "dini baadaye", siku ile wangeshika nini? Tunaowafundisha vijana kwamba dini ni kitu cha kuwekwa nyuma ili tuwe na amani tunawanyang'anya hasa kile kilichowaokoa wale Wakristo ndani ya basi.

Na kuhusu kitambulisho, mzee wako anasema kweli. Mimi nilipigwa msasa. Nilikaa mbele ya kamati nikiwa na cheti cha Form Four mkononi, nikaulizwa ukoo, kisima cha babu, jina la mzee anayenijua. Mwenzangu wa chuo, Mmeru, alipata chake kwa siku alizosubiri tu. Februari 2025 Rais alitangaza kwamba msasa huo kwa watu wa mipakani umeondolewa. Nilifurahi, wallahi nilifurahi. Lakini nina miaka arobaini na mbili. Neno "Mkenya" nililipigania mbele ya meza, ndiyo maana sipendi kupewa kama peremende kwenye warsha.

---

Mfuma Vikapu, Kiambu

Nimeona mnasema Mwislamu na Mkristo kana kwamba taabu ya karatasi ni ya upande mmoja. Mimi ni Mshona. Wazee wetu walitoka Zimbabwe wakaja Kenya karibu na wakati wa uhuru kueneza Injili ya kanisa letu, wanaume kwa useremala, wanawake kwa vikapu, sote na kanzu nyeupe siku ya ibada. Walikuja kwa ajili ya dini, wakabaki, na kwa karibu miaka sitini watoto wao hawakuwa raia wa nchi yoyote. Tulianza kutambuliwa mwishoni mwa 2020, na vyeti vikatolewa 2021. Kabla yetu walikuwa Wamakonde wa huko huko Kwale, waliotembea kwa miguu kuelekea Ikulu Oktoba 2016 kudai uraia.

Nilipokuwa msichana, padri mmoja na mwanamke Mwislamu, wakili, walikuja kwetu wakiwa pamoja. Hawakuleta kaulimbiu. Walileta fomu na pedi ya wino. Walikaa kwenye mkeka siku nzima wakituandika majina. Mama yangu, ambaye hakuwahi kuketi na Mwislamu, alimpikia yule wakili sadza. Hiyo ndiyo kazi ya dini mbalimbali ninayoijua mimi.

---

Bahari Shwari

Wenzangu, nasema kwa heshima. Mnafungua mlango ambao hamtaweza kuufunga. Pwani hii ilishasikia "Pwani si Kenya", kaulimbiu ya waliotaka Pwani ijitenge. 2012 makanisa yalishambuliwa Mombasa baada ya kuuawa kwa mhubiri Sheikh Aboud Rogo. Kila mtu akianza na dini yake au ukoo wake, tutafika palepale. Uchapishe fulana zako, dada. Mzee mmoja asiyekubali asirudishe nyuma watu 22.

---

Mstaafu wa Tanga

Shikamooni wakubwa, na wadogo marahaba. Mimi ni Mtanzania, Mbondei wa Muheza, Mwanglikana. Mke wangu kazaliwa nyumba ya Waislamu na ndugu zake huja kula Krismasi kwangu, nami hufuturu kwao. Nilikuwa bwana afya, nimekagua nyama machinjioni miaka thelathini.

Nasema kwa sababu sisi tuliishi hiyo kaulimbiu yako, binti yangu, tena kwa dhati. Katiba yetu ibara ya 3 inasema Jamhuri ya Muungano ni nchi isiyokuwa na dini. Watu wana dini, nchi haina. Sensa ya mwisho kuuliza dini ya mtu ilikuwa 1967. Nilisoma bweni na Mmakua, Mhaya, Mchaga na Mpemba, tukaitana ndugu, na sikujua nusu yao wanasali wapi. Sitaki mtu anidharaulie hilo. Lilitulea.

Lakini machinjioni niliona upande wake wa pili. Kwetu ilikuwa mazoea kwamba nyama ya kuuzwa inachinjwa na Mwislamu, sote tunakula. Haikuandikwa popote. Mkristo hakuulizwa kama ameridhika, Mwislamu hakuelezwa kwamba mwenzake ameridhia, kila mmoja alidhani mambo ndivyo yalivyo tangu kuumbwa. Februari 2013, kule Buseresere mkoani Geita, ugomvi wa nani achinje uliwaka na mchungaji akauawa. Nilikuwa bado kazini. Siku chache baadaye kijana wa buchani aliniuliza, "Bwana afya, kwani hili jambo lilikuwa na ugomvi?" Nilikosa la kumjibu. Miaka thelathini nimesimama kati ya kisu na mhuri, na hatukuwahi kulizungumza hata mara moja, kwa sababu kulizungumza kulionekana ni udini.

Huyo mzee aliyerudisha kalamu amewafanyia hisani. Amesema mapema, mezani, mbele ya chai. Bahari Shwari anaogopa mlango ukifunguliwa. Mimi naogopa nyumba ambayo hakuna anayejua mlango uko wapi.

Ila Fundi asiachwe peke yake na cherehani yake. Amesema kweli na yeye.

---

Karani wa Msambweni

Nimerudi. Samahani kwa kimya cha siku nne.

Nimesoma kila mmoja. Bahari Shwari, hofu yako ninaijua, baba yangu anayo hiyohiyo. Lakini sikuweza kuchapisha. Ningepeleka fulana 40 huku nikijua kuna mtu mmoja nimempita.

Jumamosi nilikwenda pwani kwa yule mzee. Nilimkuta anaziba ngalawa kwa pamba na sifa, mafuta ya papa yananuka mpaka njiani. Nilikwenda kuomba radhi. Akaniambia radhi si kitu, kaa kivulini. Nikamsomea maneno ya Fundi kutoka kwenye simu, yale ya 1997. Aliacha kuziba. Akasema usiku ule alikuwa baharini, aliporudi aliwaona watu wa bara wamejaa kivukoni na magodoro kichwani, akajua kinachokuja, kwa sababu watu wakianza kuulizwa kwao ni wapi, Mpemba huwa hayuko mbali kwenye orodha. Alikaa ndani wiki mbili bila kwenda kuvua. Kisha akasema: "Huyo fundi na mimi tulikuwa tunakimbia swali moja. Yeye Ukenya ulimfunika, mimi ulikuwa bado haujanifikia."

Fundi, alisema nikufikishie salamu. Akasema pia kwamba ana tanga la kushonwa.

Nikamuuliza basi tuandike nini mgongoni. Hakujibu hilo. Alinieleza habari ya mwanawe wa pili. Mzee mwenyewe ana kitambulisho, lakini kijana huyu alizaliwa nyumbani kwa mkunga, hana cheti cha kuzaliwa, na amekwenda ofisini mara tatu. Mara ya kwanza aliambiwa alete barua ya chifu. Mara ya pili alete mashahidi. Mara ya tatu aliyemhudumia hakuwepo. Sasa ana miaka ishirini na sita, mkewe mjamzito, na anaogopa mtoto naye ataanza na karatasi pungufu.

Kwa hiyo kikao cha Alhamisi hakitakuwa ukumbini. Mfuma Vikapu, uliponiambia habari ya mkeka na pedi ya wino nililia, kisha nikampigia simu mchungaji wetu. Amekubali kutoa gari. Imamu atabeba daftari la nikaha, maana msikiti uliandika ndoa ya mzee. Mkunga alishafariki. Aliyebaki hai anayemkumbuka kijana huyu akiwa mchanga ni mzee wa kaya, kwa sababu baba wa kijana, yule mvuvi, alikuwa akiwapelekea watu wa kaya papa mkavu milimani kila msimu, wakabadilishana na mahindi. Nilipomwomba aje ashuhudie, alikubali hapohapo. Kisha akasema kwamba kabla hatujaingia garini angependa aombe yeye, kwa njia ya wazee wake. Nimemwambia ndiyo, bila kumuuliza mtu. Ustadhi sijamwambia bado. Nitamwambia kesho, na sijui atapokeaje. Ni mtu wa msimamo, na simlaumu kwa hilo.

Fulana nimeagiza zitoke na jina la kikundi tu, mbele. Mgongoni pabaki patupu.

Sasa nawaomba msaada wa jambo moja la haraka. Anayejua usajili wa kuzaliwa uliochelewa kwa mtu mzima huku Kenya: shahidi asiye jamaa, tena mwenye umri mkubwa, kiapo chake kiandikwe na wakili tukiwa bado nyumbani, au lazima aapie kulekule ofisini? Mzee wa kaya ana miaka zaidi ya themanini, safari mbili zitamchosha, na kitambulisho chake mwenyewe ni kile cha zamani, picha imefutika.